Kilo Mia Kamili

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kituoni, pale malori yanapopimwa uzito kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari, kila mtu alimwita Mzee Mia, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila alipotaniwa juu ya kitambi chake, alikipigapiga kama mtu anayepima ubivu wa tikiti maji, akasema, "Kilo mia kamili. Mwaka wa sita huu, sijaongezeka hata robo. Wenye wasiwasi na uzito ni ninyi."

Wala hakujisifu bila ushahidi. Kila tarehe mosi, kabla lori la kwanza halijaingia, alipanda kwenye bamba refu la chuma la mizani, akasimama katikati wima kama anayepigwa picha, na mlinzi wa geti akambonyezea kitufe kule kibandani. Karatasi ikachomoza kwenye mashine: uzito wa jumla, kilo 100. Pale panapoandikwa namba ya gari, Mzee Mia aliandika kwa kalamu: MIMI. Karatasi zote hizo alizibandika nyumbani, ndani ya mlango wa kabati la nguo, zikafuatana kutoka juu mpaka chini kama vyeti vya msomi.

Na kazi yake aliijua. Alikaa kwenye kiti chenye magurudumu nyuma ya kioo, saa kumi kwa siku, akiyatazama malori yakipanda bamba polepole. Alikuwa akitazama tu jinsi matairi yalivyofutuka, akataja tani kabla namba hazijatulia. Hakuna dereva aliyewahi kumlainisha. "Lori lako halijazidi kwa jumla," alimwambia mmoja mara nyingi, dereva wa simenti aliyeitwa Honi kwa sababu hakujua kungoja kimya, "lakini mzigo wote umeulundika nyuma. Ekseli ya nyuma inalia. Rudi ukaupange upya."

"Mzee Mia, jumla si iko sawa?"

"Jumla ni hadithi, bwana. Barabara haivunjwi na jumla. Inavunjwa pale mzigo ulipokalia."

Maneno hayo aliyasema kwa miaka mingi bila kujua kwamba siku moja yatamrudia.

Taabu ilianzia nyumbani. Mkewe alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi, mwanamke mwembamba mwenye subira ndefu na saa ya mkononi isiyopotea hata sekunde. Asubuhi moja, wakinywa chai, alisukuma kikombe pembeni.

"Baba Watoto, leo nataka tuzungumze."

"Sema, Mwalimu."

"Unakoroma kama lori linalopanda mlima. Hilo nimelizoea, miaka yote. Kinachoniua ni pale lori linapozima."

"Linazimaje?"

"Unanyamaza. Kifua kinahangaika, pumzi haitoki wala haiingii. Nami nahesabu. Jana nimefika thelathini na moja ndipo ukashtuka kama mtu aliyeibuka majini."

"Ulihesabu haraka haraka."

"Mimi? Nimefundisha watoto kuhesabu kwa miaka kumi na tisa!"

Mabinti zao wawili waliutazama ukuta kana kwamba umeandikwa jambo. Mzee Mia akanyanyuka, akafungua kabati, akaonyesha zile karatasi. "Soma mwenyewe. Mia, mia, mia, mia. Kama ningekuwa nimenenepa, mizani ingesema. Ile ni mizani ya umma, haina shangazi wala mjomba."

"Na suruali zinazobana?"

"Sabuni ya siku hizi inakaza nguo."

Mwalimu alikwenda chumbani, akachukua mto wake na shuka moja, akahamia chumba cha mabinti. Mlangoni akageuka. "Sijakukimbia, mume wangu. Naogopa. Siku moja nitahesabu na hesabu haitaisha. Nenda zahanati upimwe, utafute dawa ya jambo hili, nami nitarudi."

"Nikapimwe nini nawe unaniona mzima?" Kisha, kwa kuwa kiburi hakipendi kuachwa na neno la mwisho la mwenziwe, akaongeza, "Haya basi. Siku mizani yangu ikisema nimezidi mia, nitakwenda zahanati kwa miguu yangu bila kusukumwa."

"Wanangu, mmesikia?"

"Tumesikia, mama," wakajibu kwa pamoja, kama darasani.

Wiki zikapita. Kitanda kikawa kipana kupita kiasi. Mzee Mia hakumwambia mtu, lakini alikuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala, kichwa kizito, kinywa kikavu. Mchana alisinzia. Siku moja alizinduka paji la uso likiwa juu ya vitufe, na mashine imetoa karatasi kumi na nne za lori moja la mchanga. Dereva alikuwa amesimama dirishani na mzigo wa karatasi mkononi. "Mzee, nimpelekee nani hizi nyingine? Au ni kadi za harusi?" Walicheka wote wawili. Kicheko cha Mzee Mia kilikuwa kifupi. Alijua kwamba Mwalimu hakukosea hesabu. Lakini kati ya kujua na kukubali kuna mto, naye alikuwa bado anatafuta daraja.

Tarehe mosi iliyofuata alipanda bambani kama kawaida. Ubao mkubwa wa namba, ule wanaouona madereva wakiwa ndani ya malori yao, uliwaka: 120.

Alidhani macho yana ukungu. Akashuka. Ubao ukasema 0. Akapanda tena. 120.

"Mlinzi! Umekanyaga nini huko?"

"Sijakanyaga kitu, mzee. Labda wewe ndiye umekanyaga."

Foleni ilikuwa imeshaanza, na lori la mbele kabisa lilikuwa la Honi, ambaye alitoa kichwa chote dirishani. Mzee Mia akavua viatu vya kazi vyenye chuma puani, akavirusha nje ya bamba. 120. Akatupa rundo la funguo. 120. Akavua koti la kung'aa, akatoa simu, kalamu mbili, kitambaa cha jasho. 120.

"Pakua, mzee, pakua!" Honi akapiga honi. "Bado ekseli ya mbele!"

"Mkanda!" wa nyuma akapaza sauti. "Toa na mkanda!"

Mkanda aliushika, akakumbuka heshima yake, akauacha. Alisimama pale na soksi zake, moja ikiwa na tundu kidoleni, akafikiri kwa bidii. Mwezi wa juzi ilikuwa mia. Mwezi uliopita mia. Hakuna binadamu anayeongezeka kilo ishirini kwa mwezi mmoja, hata akilala ndani ya duka la mikate. Basi aliyekosea ni nani? Kwa akili yake yote ya kazi, jibu lilikuwa moja tu.

"Mizani imeharibika," akatangaza. "Na mizani yenye shaka haipimi gari la mtu. Funga geti."

Hivyo ndivyo malori ishirini na saba yalivyosimama barabarani asubuhi nzima, kwa sababu ya kilo ishirini za mtu mmoja.

Mkaguzi wa vipimo alifika karibu na saa sita, mama mfupi mwenye buti na daftari, nyuma ya gari lake kukiwa na vipande vya chuma vya kilo ishirini ishirini vilivyopangwa kama mikate. Vibarua wakavishusha. Kipande kimoja: 20. Kumi: 200. Hamsini: 1,000. Wakavihamishia pembe hii, wakavihamishia pembe ile. Ubao haukutikisika.

"Mizani hii nzima kuliko mimi," akasema Mkaguzi, akifuta mikono. "Kosa umelionaje?"

Mzee Mia akakohoa. "Kuna mzigo fulani... naujua uzito wake vizuri sana. Kila mwezi unapima mia. Leo umepima mia na ishirini."

"Mzigo gani?"

Kutoka kwenye foleni, Honi akajibu kwa niaba yake, honi mbili fupi na kidole kilichonyooshwa.

Mkaguzi hakucheka, na kwa hilo Mzee Mia alimshukuru maisha yake yote. Alimtazama tu, kuanzia soksi mpaka kofia, kisha akauliza kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi: "Baba, mizani yako inaruka kwa ngapi?"

"Ishirini ishirini," akajibu papo hapo, maana jibu hilo angeweza kulitoa akiwa usingizini. "Haisomi kilo moja moja. Inachukua ishirini iliyo karibu. Kwa lori la tani hamsini, kilo tisa ni kama nzi aliyetua, kwa hiyo..."

Sentensi ikamfia mdomoni. Aliisikia mwenyewe ikidondoka.

"Kwa hiyo," Mkaguzi akamalizia taratibu, "kilo tisini na mbili, yenyewe inasema mia. Tisini na tisa, mia. Mia na tisa, mia. Ukifika mia na kumi..."

"Inaruka," akasema Mzee Mia.

"Inaruka. Na kwanza hii haikutengenezwa kumpima mtu. Mtu kwake ni nzi."

Miaka sita! Haba na haba imejaza kibaba mbele ya macho yake, naye mwenye kibaba alikuwa akikipigia makofi. Mtu aliyekamata malori kwa kilo mia mbili za ziada alikuwa ameongezeka karibu ishirini, kilo baada ya kilo, mwaka baada ya mwaka, na kila mwezi akajipa cheti cha kufaulu. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na ubao mkubwa wa taa wa kumwonyesha.

Geti likafunguliwa. Lori la Honi likapita, na dereva akainama dirishani. "Pole, Mzee Mia na Ishirini. Lakini sisi tukizidi, huwa unatuambia nini?"

"Nawaambia mrudi mkapange upya."

"Basi," akasema Honi, safari hii bila honi, "na wewe."

Jioni hiyo Mzee Mia alifika nyumbani, akaketi, akamwambia mkewe kila kitu, pamoja na tundu la soksi. Alitegemea kuchekwa. Mwalimu aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtetemeka, machozi yakamtoka, na Mzee Mia hakujua ni machozi ya upande gani.

"Umekadiriwa," alisema alipopata sauti. "Mume wangu, miaka sita umekuwa ukikadiriwa! Hiyo ni mada ya darasa la nne."

"Kesho nakwenda zahanati," akasema Mzee Mia. "Kwa miguu yangu. Nilisema."

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mizani yake ilikuwa ndogo kama sahani ya kupambia meza na ilisoma mpaka gramu mia. Kilo mia na kumi na nusu. Akamsimamisha ukutani, akampima urefu: mita moja na sentimita sabini. Akagawa uzito kwa urefu, akagawa tena kwa urefu, akazungushia duara jibu: thelathini na nane.

"Namba hii ikivuka ishirini na tano tunasema uzito umezidi. Ikivuka thelathini, ni unene uliopitiliza, na huo ni ugonjwa, mzee wangu. Tunautibu kama tunavyotibu presha. Si tusi."

"Lakini mimi nina mifupa mizito."

"Ndiyo maana hesabu hiyo peke yake haitoshi. Mbeba mizigo mwenye misuli anaweza kupata namba kubwa na asiwe na tatizo." Akachomoa utepe wa kupimia. "Nyoosha mikono. Pumua nje. Kiuno."

"Inchi thelathini na nane," Mzee Mia akasema haraka. "Ndiyo saizi yangu ya suruali."

"Suruali unaivalia chini ya tumbo. Mimi nalitaka tumbo lenyewe." Utepe ukazunguka juu kidogo ya kitovu. "Sentimita mia na kumi na nane. Kwa mwanaume, kuanzia mia na mbili tunakuwa na hofu kubwa. Unaona, mafuta ya mapajani hayana fujo sana. Yanayotusumbua ni haya yaliyojikunja humu ndani, karibu na ini na utumbo. Ndiyo yanayoleta kisukari, presha, na mengine."

Mzee Mia alimkazia macho. "Subiri, bwana muuguzi. Unaniambia hapa kuna uzito wa jumla, halafu kuna pale mzigo ulipokalia?"

"Umesema vizuri kuliko mimi."

"Ekseli!" Akapiga paja lake. "Sasa siwezi kuupanga upya? Nikausogeza mbele?"

Muuguzi akalitazama tumbo kwa heshima. "Mzee wangu, mbele pameshajaa."

Walicheka mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakachungulia. Kisha muuguzi akauliza maswali ambayo Mzee Mia hakuyategemea. Anakaa saa ngapi? Kumi kazini, tatu nyumbani. Anakunywa nini? Soda tatu, na chai vikombe vitano, sukari vijiko vitatu kila kimoja. Muuguzi hakugomba, alihesabu tu vijiko vya chai, na vilipofika kumi na tano mgonjwa mwenyewe akamwomba asizihesabu soda. Baba yake alikuwaje? Mnene. Shangazi? Wanene wote. Analalaje? Hapo Mzee Mia akaeleza habari ya lori linalozima, na muuguzi akaweka kalamu chini.

"Mama yuko sahihi. Mafuta ya shingoni hubana njia ya hewa mtu akilala. Na mtu asiyelala vizuri huamka na njaa ya uongo, anataka sukari, hataki kutembea. Unene unaharibu usingizi, usingizi unaongeza unene. Nitakuandikia uende hospitali wakupime ukiwa umelala. Hili si la kungoja."

"Kwa hiyo si ulafi tu?"

"Ingekuwa ulafi tu, ningekufunga mdomo kwa plasta, tukamaliza. Kuna damu uliyozaliwa nayo, kuna kiti, kuna soda, kuna usingizi, na kuna watu wanaokuambia umenawiri. Lawama sikupi. Kazi, nakupa."

Hospitali walimfunga nyaya kifuani na kidoleni, wakathibitisha: pumzi yake ilikatika mara nyingi usingizini. Daktari akamwambia apunguze uzito, alale kwa ubavu, na arudi baada ya miezi minne. Kama hali haijabadilika, atapewa mashine ya kumsukumia hewa. Mwalimu alichukua shati kuukuu la kulalia, akashona mpira mdogo wa watoto mgongoni, ili kila akigeukia chali mpira umchome.

"Umenishonea adui," akasema Mzee Mia.

"Nimekushonea mlinzi," akasema Mwalimu, akarudi chumba cha mabinti. Mto wake bado ulikuwa kule.

Lengo la kwanza lilikuwa kilo sita tu, na Mzee Mia aliona ni dharau. Akajitungia njia yake ya mkato: aliacha chakula cha mchana kabisa. Siku ya nne alirudi nyumbani akala cha jioni, cha mchana na sehemu ya cha kesho, akakutwa akikomba sufuria. "Mzee wangu," muuguzi akamwambia, "lori huliendeshi bila mafuta halafu ukalimwagia pipa zima jioni. Kula. Ila nusu ya sahani iwe mboga, na soda ziage."

Soda zikaaga. Sukari ikashuka vijiko vitatu, viwili, kimoja. Kile cha mwisho kilimliza kuliko msiba. Kazini aliacha kukagua magurudumu kupitia kioo. Alishuka, akalizunguka kila lori kwa miguu, mbele mpaka nyuma, malori sitini kwa siku. Wiki ya kwanza alihema mpaka Honi akamletea kiti. Mwezi wa pili Honi ndiye aliyekuwa akimwomba apunguze mwendo, maana alikuwa akiona turubai zilizochanika ambazo zamani hazikuonekana.

Si kwamba njia ilinyooka. Mwezi wa tatu alipanda sahani ya zahanati akakuta ameongezeka kilo nzima. Alishuka, akavaa viatu, akasema haji tena.

"Mwili ni mchoyo," akasema muuguzi, akimfungulia mlango kana kwamba anamwacha aende. "Ukimpunguzia, anadhani kuna njaa nchini. Anaongeza hamu, anabana matumizi. Hujashindwa, umeanza kupigana naye kweli. Jumanne ijayo nipo."

Jumanne iliyofuata Mzee Mia alikuwepo. Mlangoni aliingia akinung'unika, lakini aliingia.

Mwezi wa nne ulipokwisha, sahani ilisoma kilo mia na mbili na nusu. Utepe ukasoma mia na tisa. Presha, iliyokuwa juu siku ya kwanza, ilikuwa imeshuka. Bado alikuwa mtu mnene, na muuguzi hakumficha. Lakini kazini hakusinzia tena, na nyumbani aliamka akitaka kuzungumza, jambo lililowashangaza mabinti.

"Sasa utarudi?" alimuuliza mkewe Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana.

"Daktari atasema lake wiki ijayo. Mimi nina langu," akasema Mwalimu. "Lala hapa kwenye kochi. Nitakaa kwenye kiti hiki na saa yangu. Pumzi ikikatika hata mara moja kupita sekunde kumi, mto unabaki kule."

"Mtihani wa mchana kweupe?"

"Na usiniibie. Lala usingizi wa kweli."

Mzee Mia alilala kwa ubavu, mpira mgongoni, akiwa na hofu ya mwanafunzi. Alidhani usingizi hautakuja. Ulikuja mara moja, kama lori tupu linaloteremka.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehama dirisha. Nyumba ilikuwa kimya, isipokuwa sauti moja: nyembamba, ya mluzi, inapanda na kushuka. Akageuza kichwa. Mwalimu alikuwa ameegemea kiti, miguu imenyooka, saa aliyoivua imemteleza kiganjani mpaka mapajani, mdomo wazi kidogo. Anakoroma.

Hakumwamsha. Alimtazama muda mrefu, akaona weusi uliokuwa chini ya macho yake, wa mtu ambaye kwa miaka alikuwa akihesabu badala ya kulala. Hata baada ya kuhamia kwa mabinti, pengine alikuwa akihesabu kupitia ukutani. Hilo hakuwahi kuliwaza.

Binti mkubwa akapita, mlango ukalia, Mwalimu akashtuka. Akaishika saa, akaitazama, akamtazama mumewe.

"Ngapi?" akauliza Mzee Mia.

Mwalimu akajaribu kukunja uso wa kazini. "Nilianza vizuri. Moja, mbili... ulikuwa unapumua tu. Ukapumua. Ukapumua tena." Akapiga mwayo mrefu. "Sikupata cha kuhesabu, nikapitiwa."

"Umekoroma, Mwalimu."

"Mimi sikoromi."

"Kama baiskeli isiyo na mafuta."

"Ulihesabu?"

"Mimi nilikuwa nasikiliza tu."

Mwalimu alinyanyuka, akajinyoosha, akaelekea chumba cha mabinti. Mzee Mia alisikia kicheko cha binti mdogo, kisha swali, "Mama, unakwenda wapi na mto?" Halafu nyayo zikarudi ukumbini, mto kwapani, shuka begani.

"Sogea," akasema. "Nina usingizi wa miaka, na Jumapili bado haijaisha."